Wairu wa Karagwe katika Maandishi ya Kiingereza

Katika jamii ya Wanyambo, wenyeji wa Kituntu na vijiji vingine vya wilaya za Karagwe na Kyerwa, watu walitofautishwa kwa ukoo na kazi: Wahinda walikuwa ukoo wa watawala, Wahima walikuwa wafugaji wa ng'ombe, nao Wairu walikuwa wakulima, ambao miongoni mwao walitoka pia wahunzi wa chuma. Heshima ilifuata ng'ombe, na haifai kuficha kwamba mkulima alihesabiwa chini ya mfugaji. Hata hivyo, hali hiyo ilipoandikwa kwa Kiingereza iligeuzwa kuwa jambo jingine.

John Hanning Speke, Mwingereza aliyefika katika ikulu ya Rumanika, Mukama (yaani mfalme) wa Karagwe, mwezi Novemba 1861, alidai katika kitabu chake cha 1863 kwamba wafugaji walitokana na Uhabeshi na ndiyo maana walitawala, ingawa dai hilo lilisimama zaidi juu ya sura za watu kuliko juu ya ushahidi. Waandishi wa enzi ya ukoloni walioufuata mkondo huo, hasa walipoandika juu ya Ankole, ufalme jirani wenye mgawanyo kama huu, walimwita Mwiru "serf", yaani mkulima wa Ulaya ya kale aliyefungwa kisheria kwenye ardhi ya bwana wake. Neno hilo lilibeba sheria za Ulaya ambazo Karagwe haikuwa nazo, na hapo tofauti ya kazi ikasomwa kama tofauti ya damu.

Kiingereza chenyewe kina mazoea ya kumshusha mtu wa shamba: neno "villain", ambalo leo humaanisha mtu mwovu, hapo awali lilimtaja mkulima tu. Lugha yenye historia hiyo ilihitaji kutumiwa kwa uangalifu mkubwa mbele ya watu waliolima migomba na kufua chuma, kazi ambazo bila hizo ufalme wa Karagwe usingekula wala kupata majembe na mikuki.

Israel Katoke, katika historia ya Karagwe aliyoichapisha mwaka 1975 kwa Kiingereza hichohicho, aliweka kwenye jina la kitabu chake Wanyambo, jina linalowajumuisha wote. Walimu na waandishi wa leo waige mfano huo wa kutumia majina ya wenyeji wenyewe: waandike Mwiru, waeleze kazi yake, na waache kumwita "serf" au mtwana.