Patano la Marafiki Wawili Katika Theluji

Mtu aliyewahi kupanda baiskeli wakati wa masika, akipeleka maziwa sokoni au akirudi nyumbani kutoka ofisini, anajua jinsi mvua inavyomwondolea mtu nguvu. Tope hushika magurudumu, breki hazikamati, na mikono hufa ganzi. Lakini taabu hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ile iliyowapata wapanda baiskeli 174 katika nchi ya Ubelgiji, siku ya Jumapili, tarehe 20 Aprili, 1980.

Siku hiyo yalifanywa mashindano yaitwayo Liège–Bastogne–Liège, ambayo yalianza zamani sana, mwaka 1892. Washindani hutoka mji wa Liège, huenda kusini mpaka Bastogne, kisha hurudi kwa njia nyingine yenye vilima vikali. Mwaka ule safari yote ilikuwa ya kilomita 244. Mwezi wa Aprili huko Ulaya ni wakati ambapo baridi kali huwa inakwisha. Hata hivyo, mashindano yalikuwa hayajaenda mbali ilipoanza kuanguka theluji, ile ambayo watu wengi wa Kenya huiona kwa mbali tu, juu ya kilele cha Mlima Kenya. Upepo uliipeperusha machoni mwa wapandaji, na barabara ikawa nyeupe. Mmoja baada ya mwingine, watu hodari walishuka katika baiskeli zao wakaingia katika motokaa kutafuta joto.

Miongoni mwa waliobaki alikuwamo Mfaransa Bernard Hinault, kijana wa miaka 25, ambaye alikuwa amekwisha kushinda mashindano makubwa ya kuizunguka Ufaransa mara mbili, mwaka 1978 na 1979. Hata yeye alitamani kuacha. Karibu naye alikuwa Maurice Le Guilloux, mwenziwe wa timu moja. Wawili hao wakapatana: waendelee mpaka mahali pa kupokea chakula, wakifika na theluji ingali inaanguka, waache.

Patano lile halikuwa la majivuno. Hawakuapa kushinda, wala kufika Liège. Walijiwekea kituo kimoja tu ambacho nguvu zao zingeweza kufikia, na kila mmoja akawa na mtu wa kumtimizia ahadi. Haba na haba hujaza kibaba; ndivyo walivyozipunguza kilomita zile.

Walipofika, hali ya hewa ilikuwa imepata nafuu. Hapo msimamizi wa timu, Cyrille Guimard, akamwendea Hinault akamwambia avue koti lake la mvua, kwa maana sasa ndipo mashindano yanapoanza hasa. Hinault alitii, ingawa alikuwa akitetemeka kwa baridi. Akaona hana dawa ya baridi ila kukanyaga pedali kwa nguvu zaidi. Zilipobaki kilomita kama 80, aliwaacha wenziwe wote akaenda peke yake juu ya vilima. Alifika Liège akiwa mshindi, na aliyemfuata, Mholanzi Hennie Kuiper, alikuja zaidi ya dakika 9 baadaye. Katika wale 174 walioanza, waliomaliza walikuwa 21 tu.

Ushindi huo ulikuwa na gharama yake. Vidole viwili vya mkono wa kulia wa Hinault viliumizwa na baridi siku ile, na havikupona kabisa. Wala wale walioacha njiani hawakustahili kuchekwa, kwa sababu mwili wa mtu una mpaka wake, na yeye mwenyewe alikuwa karibu kuwa mmoja wao.

Hinault aliacha mashindano mwaka 1986, akiwa ameshinda yale ya Ufaransa mara 5. Kisha alirudi Brittany, sehemu alikozaliwa, akawa mkulima na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Na kila asubuhi ya baridi ilipokuja, vidole vile viwili vilimkumbusha barabara ya Bastogne, na patano alilofanya na rafiki yake.