DIPOZITI YA STIMA NA MAJI: NI AMANA AU NI SADAKA?

Katika mambo yanayomtoa mtu jasho siku ya kuhama, kupakia kitanda na kabati juu ya mkokoteni si jambo kubwa. Kubwa ni fedha zitakiwazo kabla hata mlango wa nyumba mpya haujafunguliwa: kodi ya mwezi, kodi nyengine ya kuwekwa, kisha dipoziti ya stima na ya maji. Mwenye kuhama hulipa huku akiguna, akapokea ufunguo, na tangu siku hiyo akasahau kwamba zile fedha bado ni zake. Akihama tena baada ya miaka mitatu, huziacha nyuma kama sadaka ambayo hakuinuia.

Ndugu msomaji, leo na tuitazame dipoziti hii kwa jicho la lugha yetu, kwani lau tungaliiita kwa jina lake, hapana shaka wengi wetu tusingaliipoteza.

MANENO MATATU

Sisi watu wa mwambao tuna maneno matatu yanayokaribiana. Arbuni ni fedha atangulizazo mnunuzi. Akikamilisha ununuzi zahesabiwa katika bei, na akighairi aghalabu humpotea. Rehani ni mali anayoshikishwa mdai ili awe na hakika kwamba atalipwa. Deni likilipwa, mali hurudi. Amana ni mali ya mtu iliyo mkononi mwa mwengine, naye mshikaji hana lake ndani yake ila kuitunza.

Basi dipoziti si arbuni, wala si ada. Kampuni humpa mteja stima au maji mwezi mzima ndipo ikaleta bili, nayo hushika fedha zake ili asije akatoweka na deni. Hiyo ni rehani. Na deni likishakatwa, kinachobaki ni amana. Kila aliyepita chuoni alikutana na mambo haya: Sura al-Baqara, aya ya 282 na 283, zazungumzia kuandika deni, kuweka mashahidi na kushika rehani, na Sura an-Nisaa, aya ya 58, yaamrisha amana zirejeshwe kwa wenyewe. Twazisoma sana, lakini siku ya kuhama twaondoka bila ya karatasi.

FEDHA ZI KWA NANI?

Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: fedha zangu amezishika nani? Katika nyumba zetu za Majengo, zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, mita mara nyingi ni moja na jina lililo kwenye bili ni la mwenye nyumba. Mpangaji wa chumba hapo hana hesabu yoyote kwa kampuni; dipoziti yake iko kwa mwenye nyumba, naye ndiye wa kudaiwa. Lakini aliyefungua hesabu kwa jina lake mwenyewe, mdaiwa wake ni kampuni, na mwenye nyumba hahusiki.

Huyu wa pili ndiye mwenye hatari zaidi. Akihama kutoka Majengo kwenda Kisauni bila ya kuifunga hesabu, anayeingia nyuma yake huwasha taa na kufungua mfereji kwa jina la aliyetoka. Bili zikirundikana, dipoziti huliwa na deni la mtu mwengine, kisha deni lililobaki likamfuata.

Dawa yake si ngumu. Kabla ya kuhama, mita isomwe na namba iandikwe. Bili ya mwisho ilipwe. Barua ya kufunga hesabu ipelekwe ofisini, na nakala yake igongwe muhuri na kurudi nyumbani. Risiti ya dipoziti iambatane na kitambulisho. Mwenye kwenda nyumba nyengine na aulize kama fedha zile zaweza kuhamishiwa hesabu yake mpya.

Kuna wazee waliohifadhi risiti zenye jina la East African Power and Lighting. Wasizitupe wakidhani kampuni ile imekufa. Ilibadilisha jina tu mwaka 1983. Na stima si ngeni kwetu: kampuni ya Mombasa ilianza mwaka 1908, ikaunganishwa na ya Nairobi mwaka 1922.

Mita za tokeni, zilizoenea katika miaka ya 2010, zimepunguza haja ya rehani, kwani mtu hulipa kwanza ndipo akatumia. Lakini nazo zina mtego. Mita ikiwa na deni la zamani, anayeingia huenda akanunua tokeni, sehemu ya fedha zake ikakatwa kulilipa. Mpangaji mpya na aulize habari za mita kabla ya kuuliza rangi ya ukuta.

KWA WENYE NYUMBA

Wako wenye nyumba waungwana, wanaokagua chumba pamoja na mpangaji na kumhesabia fedha zake papo hapo. Wako pia waambiao kila anayehama kwamba dipoziti imeishia kwenye rangi na kitasa, bila ya kuonyesha risiti ya hata msumari mmoja. Ugomvi kama huu wazee wa mtaa na imamu wa msikiti waweza kuusuluhisha. Wakishindwa, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016, isikilizayo madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na mtu hujisemea mwenyewe pasi na wakili. Malalamiko juu ya kampuni ya stima hupelekwa kwa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Ya maji, kwa bodi inayosimamia huduma za maji.

Huenda mtu akasema fedha zenyewe ni kidogo, kwa nini asumbuke? Kwa mjane anayehama na watoto wanne, kidogo hicho ni unga na mafuta ya mwezi mzima. Na kwa yule anayezizuia, udogo wa mali ya watu haumwondolei dhima.

Uhamapo ndugu yangu, risiti iweke ndani,
Usihame kwa uchungu, mita ukaacha deni,
Haki haitaki rungu, hudaiwa kwa yakini,
Mali ya watu ni pingu, izuiwapo nyumbani.