Mikono Minne ya Chuma na Malezi ya Mtoto Mwenye Akili

Akina mama wenzetu, watoto wanapokusanyika kutazama katuni, wengi wetu hukimbilia jikoni tukishukuru kwamba angalau nyumba imetulia. Siku moja tuliamua kuketi nao. Kwenye kioo alikuwepo mtu mnene mwenye miwani, na mikono minne mirefu ya chuma imemchomoza mwilini. "Huyo ni Doctor Octopus, adui wa Spider-Man," watoto wakatueleza. "Ana akili kuliko wote!"

Neno hilo la mwisho lilitufanya tufuatilie habari zake. Tukagundua kwamba kisa chake kinatuhusu sisi wazazi pengine kuliko watoto.

Kifaa kilichokusudiwa mema

Doctor Octopus alibuniwa na Wamarekani wawili, Stan Lee na Steve Ditko, na alitokea mara ya kwanza mwaka 1963 katika kitabu cha katuni cha Spider-Man. Jina lake halisi ni Otto Octavius, mwanasayansi wa nyuklia. Alijitengenezea mikono minne ya chuma na kuifunga kiwiliwilini, ili ashike vitu vyenye mionzi bila kuvikaribia. Wenzake kazini wakambandika jina la pweza.

Sisi wauguzi tunaielewa nia hiyo. Ndiyo maana tunavaa glovu, tunashika vyombo vilivyochemshwa kwa koleo, na wenzetu wa eksirei hujikinga nyuma ya ukuta. Kifaa cha namna hiyo ni ulinzi wa uhai.

Kisha maabara ikalipuka. Mikono ile ikashikamana na mwili wake, akawa anaiendesha kwa mawazo tu. Alipozinduka hospitalini hakushukuru kwamba yu hai. Aliona tu kwamba sasa hakuna wa kumweza.

Miaka ya maovu

Mwaka 1964 alikusanya genge la maadui sita ili kumwangamiza Spider-Man. Mwaka 1970, pambano lao juu ya paa liliporomosha matofali barabarani, na George Stacy, afisa wa polisi mstaafu, akafa akimwokoa mtoto mdogo. Mwaka 1974 Otto alikaribia kufunga ndoa na May Parker, mjane mzee aliyemlea Spider-Man. Kumbe alichokitamani ni kisiwa alichorithi yule mama, chenye mtambo wa nyuklia! Wajane wenzetu na wazingatie.

Mzizi uko nyumbani

Ilichukua miaka 30 kabla ya wasomaji kuelezwa alikotoka mtu huyu. Katika simulizi ya mwaka 1993, baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, mkali, mwepesi wa kupiga. Mama alimkinga mwanawe na kumsisitiza ategemee akili, asije akawa kama baba yake. Baba akafa kwa ajali kazini. Otto akasoma, akapanda cheo, akapata mchumba. Mama akamkataa yule binti, maana hakuna mwanamke aliyemtosha mwanawe. Otto akavunja uchumba. Baadaye mama mwenyewe alipopata rafiki, mwana alimjia juu kwa hasira, na mama akafa kwa mshtuko wa moyo.

Dada zetu, hapa tuliacha kumcheka mtu wa katuni. Ni mara ngapi tumemwachia binti vyombo vyote kwa sababu kaka yake ni wa kwanza darasani? Kliniki tunawaona vijana wenye ndevu wakiulizwa wanaumwa wapi, na anayejibu ni mama. Tunadhani tunapenda. Kumbe mtoto anajifunza kwamba dunia nzima ni ya kumtumikia, na siku itakapomkatalia atakasirika kama Otto.

Kosa la baba nalo tusilifunike. Mtume Paulo, akiwaandikia Waefeso, aliwataka akina baba wasiwe chanzo cha hasira za watoto wao. Mtoto anayepigwa na huyu na kufichwa na yule hapati mahali pa kujifunza kukosa na kusamehewa.

Mlango haujafungwa

Katika simulizi za mwaka 2013 na 2014, Otto aliuteka mwili wa Spider-Man, akaazimia kuwa bora kuliko yeye. Akabuni vifaa vipya, akamaliza shahada ya udaktari. Lakini maisha ya Anna Maria, mwanamke aliyempenda, yalipokuwa hatarini, alikiri kwamba uwezo wake haukutosha. Akajitoa, akamrudishia Spider-Man mwili wake ili Anna Maria aokolewe. Kwa mara moja akili ile ilimtanguliza mwenzake.

Tufanye nini basi? Tumpongeze mtoto kwa alama zake, lakini tumpongeze zaidi anapomwombea radhi mdogo wake. Tumpe kazi za nyumbani, awe wa kiume au wa kike. Akikosea, tumwache aeleze mwenyewe. Tuzungumze na baba yake kabla fimbo haijainuliwa, si baada. Na tuketi nao mbele ya televisheni, tuwaulize: huyu mwenye akili nyingi, nani alimfundisha kupenda?

Mungu atujalie hekima ya kulea vichwa na mioyo pamoja.