Mandhari Kama Kinga ya Garimoshi la Mfano

Katika garimoshi la mfano la kipimo cha HO, kila urefu umepunguzwa mara 87. Injini yake ya gramu 300 ikitoka relini na kuanguka kutoka kimo cha mita 1, hufika sakafuni ikiwa na nishati ya jouli 3 hivi, ambayo yaweza kupinda ekseli.

Kinga yaweza kufichwa katika mandhari: ukuta wa daraja, ua, au kilima kando ya njia. Kizuizi kipite kimo cha kitovu cha uzito cha behewa. Kikiwa kifupi, behewa hupinduka juu yake. Penye kona nafasi iongezwe, kwani katikati ya behewa hutokeza ndani na ncha zake nje. Kwa hiyo behewa refu kuliko yote lipitishwe polepole kabla ya kizuizi kugundishwa.