Je, Wajua? Keto, Kalori na Mbio Katika Nchi ya Mahindi

Rongai tunayoizungumzia hapa ni ile ya Kaunti ya Nakuru, si Ongata Rongai ya Kajiado. Ukitoka Salgaa, wanakopumzika madereva wa malori ya masafa marefu, ukashuka hadi Kampi ya Moto, ni shamba la mahindi baada ya shamba la mahindi. Katika nchi hiyohiyo, siku hizi utamsikia mtu akisema ameacha ugali kwa ajili ya keto, mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo mno, anahesabu kalori kwenye simu na anaamka alfajiri kukimbia ili kitambi kiishe. Haja ya kupunguza uzito ipo kweli: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mwanamke mmoja kati ya kila watatu nchini Kenya, wa umri wa miaka 15 hadi 49, alikuwa na uzito uliopita kiasi. Ila keto, kalori na mbio ni mambo matatu tofauti, na hayapatani kila mara.

Je, wajua kwamba keto ilianza kama tiba ya kifafa? Madaktari walikuwa wameona kwamba mgonjwa wa kifafa akifunga kula kwa siku kadhaa, degedege hupungua. Shida ni kwamba hakuna awezaye kufunga daima. Mwaka 1921 Dkt. Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, akapendekeza njia nyingine: mnyime mgonjwa wanga, mpe mafuta kwa wingi, na ini lake litatengeneza ketoni, nishati mbadala ya sukari, kana kwamba amefunga, ilhali anakula. Hadi leo mlo huo hutumika kwa watoto ambao kifafa chao hakisikii dawa, chini ya uangalizi wa karibu wa daktari. Habari ya kupunguza unene kwa kuacha wanga ina mzee wake mwingine, William Banting, Mwingereza aliyekuwa akiandaa mazishi jijini London. Mwaka 1863 alichapisha kijitabu akieleza jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari na viazi.

Je, wajua kwamba gorogoro moja la unga lina wanga wa kumtosha mtu wa keto mwezi mzima? Anayefuata keto hujiwekea kikomo cha gramu 20 hadi 50 za wanga kwa siku. Gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga wa gramu 75 hivi. Chukua basi gorogoro la kilo mbili: humo mna kilo moja na nusu ya wanga, yaani gramu 50 za kila siku kwa siku 30. Familia kubwa hulisonga likaisha kwa siku moja au mbili. Kwa hesabu hiyo, mtu wa Rongai hawezi kuwa kwenye keto huku akila "ugali kidogo". Unga wa gramu 65 tu, ambao ukisongwa haufiki hata nusu ya sahani ya mwenye njaa, tayari umemaliza mgao wa siku. Kinachobaki ni mayai, nyama, omena, parachichi, sukuma wiki, terere na managu. Chakula hicho kinapatikana sokoni bila shida, lakini mfuko unahisi tofauti. Unga ndio chakula cha bei nafuu kinachoshibisha, na anayeuacha lazima ajue atalipia nini badala yake.

Je, wajua kwamba kabla ya mahindi, bonde hili la Rongai lilikuwa malisho ya Wamaasai? Mkataba wa mwaka 1904 kati ya serikali ya kikoloni na viongozi wa Wamaasai uliwaondoa katika Bonde la Ufa la kati, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini, na ardhi ikaenda kwa walowezi. Kisha reli ya Eldoret, iliyofika mji huo mwaka 1924, ikapita Rongai, na mahindi yakapata njia ya kwenda sokoni. Kwa muda wa miaka ishirini hivi, nchi iliyokuwa ikilisha watu kwa maziwa na nyama ikawa nchi ya nafaka.

Mashabiki wa keto hupenda kuwataja Wamaasai kama ushahidi wao, na ushahidi kweli upo. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha uchunguzi uliolinganisha Wamaasai na Wakikuyu. Kwa wastani mwanamume Mmaasai alimzidi mwenzake kwa karibu sentimita 13 za urefu na kilo 10 za uzito. (Wakati ule wasiwasi ulikuwa utapiamlo, wala si kitambi, na jambo hilo husahaulika kila utafiti huu unapotajwa.) Miaka ya 1960 George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt aliwapima Wamaasai wa Tanganyika akakuta dalili chache sana za maradhi ya moyo, ingawa mlo wao ulijaa mafuta ya wanyama.

Lakini tazama ndani ya kibuyu. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina karibu gramu 48 za laktosi, ambayo ni sukari. Kijana anayekunywa lita tatu kwa siku ameshaingiza zaidi ya gramu 140 za wanga, karibu mara tatu ya kikomo cha juu cha keto. Maziwa yakichachuka, kama mursik ya Wakalenjin inayotunzwa kwenye kibuyu kilichopakwa masizi ya mkaa wa mti, sehemu ya sukari hiyo huliwa na bakteria, ila haiishi yote. Tena kiangazi kilipokaza, wafugaji walibadilishana na majirani zao kupata nafaka. Kwa hiyo mlo wa Wamaasai ulikuwa wa mafuta mengi, naam, lakini keto haukuwa. Na wenye kuula walikuwa watu wanaotembea na mifugo kutwa nzima.

Je, wajua kwamba kuna Rongai inayopandwa Australia? Aina ya njahi iliyotoka eneo hili la Rongai ilipelekwa huko na mwaka 1962 ikatolewa rasmi kwa wakulima kwa jina hilohilo, Rongai. Hupandwa kama lishe ya ng'ombe na kurutubisha udongo. Kwa mtu wa keto njahi ni mtihani, kwa sababu zina protini nzuri pamoja na wanga mwingi, sawa na maharagwe.

Je, wajua kwamba kilo zinazopungua wiki ya kwanza ya keto ni maji zaidi kuliko mafuta? Mwili huhifadhi akiba ya wanga kwenye misuli na ini, kama gramu 400 hadi 500 kwa mtu mzima, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na karibu gramu tatu za maji. Ukiacha wanga, akiba inatumika na maji yanatoka nayo kwa mkojo. Mizani inashuka kilo moja na nusu au mbili, na mtu anapiga simu kuwaeleza jamaa. Hajadanganya, amepungua kweli, ila siku akila chapati mbili harusini, kilo hizo zitarudi kesho yake bila yeye kunenepa hata kidogo. Maji hayo pia huondoka na chumvi, ndiyo maana siku za mwanzo kichwa huuma, miguu hukaza na mwili hulegea. Supu ya mifupa yenye chumvi husaidia kuliko vidonge vya kichwa.

Je, wajua kwamba mafuta ya mwili hutoka kwa pumzi? Watu wengi hudhani yanageuka jasho au joto. Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown wa Australia walipiga hesabu hiyo katika jarida la BMJ: mtu akipoteza kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 hutoka puani na mdomoni kama hewa ya kaboni dioksidi, na kilo 1.6 huwa maji. Jasho la kukimbia umevaa koti zito na mfuko wa nailoni tumboni ni maji tu, yanayorudi kwa glasi mbili tatu.

Je, wajua kwamba keto haifuti hesabu ya kalori? Gramu moja ya wanga au protini ina kalori 4, ya mafuta ina 9. Hesabu hiyo tumeachiwa na Wilbur Atwater, Mmarekani aliyepima nishati ya vyakula mwishoni mwa karne ya 19. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi. Mpishi anayemimina vijiko vitatu kwenye sufuria ya sukuma ameongeza kalori 360, sawa na gramu 100 za unga wa mahindi. Hapa ndipo wengi wanapokwama: ugali wameuacha, mizani haisogei, na chanzo kiko kwenye chupa ya mafuta iliyo karibu na jiko. Simu nayo haioni mkono wa mpishi. Ukiandika "sukuma wiki" bila kupima mafuta, programu itakupa namba ya majani matupu.

Chuo Kikuu cha Stanford kiliwafuata watu 609 kwa miezi 12, wengine wakipunguza mafuta, wengine wakipunguza wanga. Matokeo yalitolewa mwaka 2018: kundi la mafuta kidogo lilipungua kilo 5.3 kwa wastani, la wanga kidogo kilo 6.0. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuipa njia moja ushindi.

Je, wajua mbio zinachoma kiasi gani? Kwa makadirio yanayotumika sana, ni kalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita 5 ametumia kalori 400 hivi, ambazo ni gramu 110 za unga. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina karibu kalori 7,700. Anayetegemea mbio peke yake ana safari ndefu. Na kuna jambo linaloshangaza zaidi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walipima nishati wanayotumia Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali, na kutembea kilomita nyingi kila siku. Ukizingatia ukubwa wa mwili, nishati yao ya siku haikutofautiana na ya Wamarekani wanaokaa ofisini. Inaonekana mwili unaotembea sana hubana matumizi kwingineko. Mbio zina faida kubwa kwa moyo, usingizi na sukari ya damu, lakini uzito hupungulia jikoni kwanza.

Je, wajua wakimbiaji wenyewe wanakula nini? Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake walichapisha hesabu ya chakula cha wakimbiaji 10 hodari wa Kenya kambini. Kati ya kila kalori 100, 76.5 zilitoka kwenye wanga: ugali, wali, viazi, mkate, uji, na sukari ya chai ya maziwa. Mafuta yalikuwa 13.4 tu. Jumla ilikuwa karibu kalori 2,990 kwa siku, pungufu ya walizotumia. Hao ni vijana wembamba, na ugali wanaula.

Upande wa pili uko kwa mtafiti Louise Burke wa Australia. Mwaka 2017 alitoa matokeo ya watembeaji wa mashindano waliokula keto kwa wiki tatu wakifanya mazoezi makali. Miili yao ilijifunza kuchoma mafuta kwa kasi ya ajabu. Ila katika kilomita 10 hawakuongeza kasi, huku wenzao waliokula wanga wakiwa wamejiboresha kwa asilimia 5 hadi 7. Sababu ni oksijeni. Lita moja ya oksijeni ikichoma wanga hutoa kalori 5 hivi, ikichoma mafuta hutoa 4.7. Sasa leta hesabu hiyo hapa, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambapo kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa. Mafuta yanadai oksijeni zaidi mahali ambapo ni haba.

Kwa hiyo anayetaka kupunguza uzito Rongai kwa keto akimbie polepole, kwa mwendo anaoweza kuzungumza na mwenzake bila kuhema, maana kwa mwendo huo mafuta yanatosha. Anayejiandaa kwa mashindano aurudishe ugali, aupime. Na mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asiguse keto kabla ya kumwona daktari, kwa kuwa dozi iliyopangwa kwa mtu anayekula ugali inaweza kumwangusha aliyeuacha.