Bunduki Mpya ya Upepo Ikikosa Shabaha

Mtu akinunua bunduki mpya ya upepo na risasi zikaenda hovyo, mkono hukimbilia vilengeo. Ikishindikana, anatafuta bisibisi aifungue bunduki. Aanze na karatasi kwanza. Aibandike mbele ya tuta nene la udongo lisilo na mawe, umbali wa mita 10, uleule unaotumika katika Olimpiki tangu mchezo wa bunduki ya upepo uingizwe mwaka 1984. Kisha apige risasi tano akilenga alama ileile, bila kurekebisha chochote.

Matundu yakikusanyika kando ya alama, bunduki ni nzima. Hapo ndipo vilengeo vinaposogezwa. Yakitawanyika huku na huku, kuzungusha vilengeo ni kazi bure. Yakijipanga mstari wa juu kwenda chini, mara nyingi ni kwa sababu kasi ya risasi inabadilika kila mpigo.

Tuanze na yaliyotawanyika. Bunduki nyingi za bei nafuu zinatumia springi. Ukifyatua, springi inaisukuma pistoni mbele, pistoni inabana hewa, na hewa inaisukuma risasi. Pistoni ikienda mbele, bunduki inarudi nyuma. Pistoni ikigonga mto wa hewa iliyobanwa, bunduki inaruka mbele. Yote hayo hutokea risasi ikiwa bado ndani ya mtutu. Ndiyo maana bunduki ya namna hii haiegemezwi kwenye jiwe au ubao mgumu, wala haibanwi kwa nguvu. Ilaze juu ya kiganja kilicholegea, mahali palepale kila mara.

Mtikisiko huohuo hulegeza skrubu za kitako na za darubini. Zikaze zote kabla ya kulaumu mtutu. Kisha zitazame risasi zenyewe: zina kiuno chembamba na sketi nyuma, na sketi ndiyo inayoziba upepo na kushika michirizi ya ndani ya mtutu. Sketi iliyobonyea kwenye kopo inatosha kuipotosha risasi. Jaribu aina mbili tatu za uzito tofauti, kwani kila mtutu una risasi unayoipenda.

Kuhusu kasi inayoyumba, angalia moshi. Bunduki mpya huja na mafuta kutoka kiwandani. Yakiingia mbele ya pistoni, hewa iliyobanwa inapata joto la kuyawasha, sawa na dizeli inavyowaka ndani ya injini za malori yanayopanga foleni mpakani Tunduma. Utasikia mlio mkali na kunusa harufu ya kuungua. Kwa kawaida hali hiyo hupungua bunduki ikiendelea kutumika. Kuongeza mafuta ndani ya silinda kunaizidisha na kuharibu sili. Kama mtutu wako unakunjwa, weka kipande cha karatasi laini juu ya kiungo chake na ufyatue kuelekea tuta, risasi ikiwa ndani: karatasi ikiruka, upepo unavuja pale. Usifyatue bila risasi, maana pistoni inakosa kizuizi na kugonga mwisho wa silinda.

Kwa mkazi wa Hasamba, wilayani Mbozi, kuna jambo la ziada. Nyanda za Mbozi ziko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko pwani. Pistoni inapata hewa kidogo ya kubana, na risasi nayo inakutana na upinzani mdogo njiani. Bunduki iliyorekebishwa Dar es Salaam ilengwe upya hapa.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha rudia risasi tano. Ukibadilisha vitatu pamoja hutajua kipi kilisaidia. Hayo yote yakishindwa, mpelekee fundi anayeijua kazi hiyo. Springi ya ndani imebanwa hata bunduki ikiwa haijakokwa, na ikichomoka ghafla inaweza kumjeruhi aliyeifungua. Mambo ya kibali, yamalize polisi kabla ya kuinunua.