Kwa Nini Mtoto Huru Aliitwa Mtumwa

Katika majina ya nyumbani ya Unguja na Pemba, yale anayopewa mtoto kando ya jina lake la chuoni au badala yake, ni machache yanayomshtua mgeni kama Mtumwa. Huitwa hivyo wanawake na wanaume, na wapo hadi leo wanaoliitikia bila kuona haya. Jirani yake ni Kijakazi. Shafi Adam Shafi alimwita hivyo mtumishi katika riwaya ya Kasri ya Mwinyi Fuad, na msomaji wa bara huenda akadhani jina limebuniwa kwa ajili ya hadithi, kumbe ni jina la watu. Maelezo yanayokuja haraka ni kwamba majina haya ni makovu ya biashara ya watumwa, chapa ambayo bwana alimpigia mtu wake. Kwangu mimi maelezo hayo yameyageuza mambo juu chini. Mtumwa, kwa sehemu kubwa, ni jina la kinga, na kazi yake ilikamilika zaidi kwa mtoto ambaye hakuwa mtumwa hata kidogo.

Ushahidi wa kwanza ni majina ya watumwa wenyewe. Tazama misafara ya karne ya 19. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa akiwa mdogo akapelekwa India, kisha akarudi na kuhudumu katika misafara ya wapelelezi Burton, Speke, Cameron na Stanley, jina lake ni la baraka. Mwenzake Mabruki, vivyo hivyo. Katika kundi hilohilo kuna kina Feruzi, Almasi, Marjani na Faraji: vito, heri na faraja. Desturi hiyo ina mizizi mirefu. Waarabu wa kale walisifika kwa kuwapa watumwa majina matamu, huku watoto wao wa kuzaa wakiitwa Kalb, yaani mbwa, au Harb, vita. Wanazuoni wao wa lugha walieleza kwamba jina la mwana lilikusudiwa masikio ya adui, na la mtumwa masikio ya bwana, ambaye ndiye aliyeliita kutwa nzima. Bwana hakuwa na haja ya kumwita mtumwa wake Mtumwa. Nyumba ikiwa na watumwa kumi, jina hilo lisingemtofautisha yeyote.

Basi nani alikuwa na haja nalo? Mzazi aliyezika watoto wawili watatu na sasa amempata mwingine. Aliyeamini kwamba jicho la hasidi, au kiumbe kisichoonekana, humfuata mtoto anayependwa, alimpa wa sasa jina la kitu kisicho na thamani ili asitamaniwe. Pwani haikuwa peke yake katika hili. Waakan wa Ghana humwita Donkor, kutokana na neno la mtumwa wa kigeni, mtoto aliyezaliwa baada ya nduguze kufa mfululizo. Wahausa wana Ajuji, yaani jaa la taka, kwa sababu hiyohiyo. Hapa inafaa kutenganisha majina ambayo huchanganywa mara nyingi. Tabu, Shida na Mashaka kwa kawaida husimulia hali ya nyumbani wakati mtoto anazaliwa, na husimulia kweli. Mtumwa halisimulii kitu. Ni hila, na hila hufanya kazi pale tu inapokuwa uongo: aliyezaliwa mtumwa na kuitwa Mtumwa hajafichwa na lolote.

Wapo watakaosema jina linatokana tu na kitenzi tuma, kwamba mtumwa ni aliyetumwa, na kwamba washairi wa zamani walimwita Mtume Muhammad Tumwa. Wengine wataliona kuwa tafsiri ya Abdalla, mtumwa wa Mungu. Hoja ya kwanza inavutia, lakini haina la kusema juu ya Kijakazi, jina linaloandamana na Mtumwa na lisilo na maana ya pili ya kukimbilia. Ya pili ina uzito zaidi, kwa kuwa Kiarabu kina jina la kike la namna hiyo pia. Ila watu wa pwani walikuwa na Abdalla tayari, wakalitumia kwa wingi, na utukufu wake wote umo katika jina la Mungu lililomo. Ukiliondoa hilo, kinachobaki ni dharau, na dharau ndiyo iliyotakiwa.

Pingamizi zito ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, akaitwa Mtumwa. Soko la watumwa la mjini lilikuwa limefungwa 1873, lakini sheria iliendelea kuutambua utumwa hadi 1897, na wasimulizi wengi hulihusisha jina lake na unyonge huo. Alipohamia mjini na kuvuma kwa taarabu akawa Siti, bibi wa heshima, na kwa jina hilo akaenda kurekodi santuri Bombay mwaka 1928. Je, hii si dalili kwamba Mtumwa lilikuwa jina la aibu? Kwake, yaelekea lilikuwa. Baada ya 1897 waliotoka utumwani Unguja walibadili mavazi, hata kabila walilojitambulisha nalo mbele ya karani wa sensa. Jina ambalo mwenye ukoo mkubwa angeweza kulichezea, kwao lilikaribia mno ukweli. Kwa hiyo mfano wa Siti hauivunji hoja, ila unaonyesha mpaka wake: hila haimfai mtu ambaye watu wako tayari kuamini kuwa ni mtumwa kweli.

Wanaosoma hati za zamani za mashamba na mirathi wana sababu ya kulijali hili. Jina Mtumwa pekee halitoshi kumtia mtu katika hesabu ya watumwa, wala Mabruki halitoshi kumtoa. Nikilazimishwa kubahatisha kati ya hao wawili, ningeanza na Mabruki.